Wakulima wa Marekani walilipwa hela ya corona, sisi wa viazi tungelipwaje?

IsyonjeKwetu

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Nina mdogo wangu yuko Wisconsin huko Marekani, anakamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja. Juzi kwenye simu tukawa tunapiga stori za enzi za corona, akanambia bosi wake kipindi kile alikuwa analipwa na serikali, kwa kila ng'ombe na kwa maziwa, hela inaingia benki na siyo mkopo, hairudishwi. Mi nikajua ananipiga kamba. Akanitumia linki, aisee ni kweli, kuna orodha iko wazi mtandaoni, unachagua eneo unaona jina la mkulima na alichovuta, mpaka jirani anaweza kukuchungulia.

Sasa swali langu, na naomba tusiingize vyama humu. 2020 sisi wa viazi tuliumia nyie. Shule zilifungwa Machi, vyuo vikafungwa, wauza chipsi wa Iyunga na kule Mwanjelwa hapa Mbeya wakawa hawana wateja, mahoteli ya Dar yamelala. Dalali anakuja mpaka shambani anakutajia bei ya kukuliza na bado anataka lumbesa, gunia limejaa mpaka limeshonewa kilemba cha nyavu juu, vijana wawili hawalinyanyui. Unauza tu, maana viazi vikianza kuota utamuuzia nani. Sikuona hata mia ya serikali kwa ajili ya hilo. Je kwa hapa kwetu ingewezekana mkulima kulipwa vile, au ndo ndoto za mchana?

mjukuu_wa_Tukuyu

Hela ya corona si ndo yale madarasa mkuu 😂 au kwenu hayakujengwa?

IsyonjeKwetu

Yamejengwa na mwanangu kasomea humohumo, sikatai. Lakini darasa halinunui mbegu. Nauliza mkulima aliyepoteza msimu.

BwanaShamba_Mstaafu

Ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo maana hili jambo niliwahi kulifuatilia sana, nina muda siku hizi.

Mdogo wako hajakudanganya ila kachanganya. Ule mpango uliitwa CFAP, ulikuwa chini ya wizara yao ya kilimo, USDA. Ulitangazwa Aprili 2020, jumla dola bilioni 19, bilioni 16 za kulipa wakulima moja kwa moja na 3 za kununua maziwa, nyama na mboga wagawiwe wenye shida. Septemba mwaka huohuo ikaja awamu ya pili, mpaka dola bilioni 14 nyingine. Kwa ng'ombe wa maziwa hawakulipa kichwa, walilipa maziwa: dola 4.71 kwa kila paundi 100 (kama kilo 45 hivi) ulizokamua Januari mpaka Machi 2020, na juu yake wakaongeza dola 1.47. Hata maziwa uliyomwaga yalihesabiwa. Kichwa kilikuwa cha ng'ombe wa nyama, yule aliyenona kabisa wa kwenda machinjioni aliyeuzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili alilipiwa dola 214.

Kwa nini maziwa yamwagwe? Kwa sababu kule maziwa mengi yanaenda shuleni na migahawani kwenye vifungashio vyake, siku shule zinafungwa kiwanda hakiwezi kugeuza mitambo kesho yake kianze kujaza chupa za dukani. Kwa hiyo shambani yanamwagwa, dukani unaambiwa chukua mawili tu usizidishe. Viwanda vya nyama navyo wafanyakazi wakaugua wengi vikafungwa, mifugo imenona haina pa kwenda. Na wewe mtu wa viazi hii itakugusa, Idaho kuna mkulima alimwaga lundo la viazi akatangaza watu waje wachukue bure, maana mgahawa ukifungwa hakuna anayenunua chipsi. Mambo yaleyale yako ya Iyunga, tofauti yeye alikuwa na pa kwenda kulia.

Sasa hapo kwenye pa kwenda kulia ndo penye jibu lako. Kule wilaya nyingi zina ofisi ya wakala wao wa mashamba, FSA. Mkulima aliyejiandikisha ana namba ya shamba, na kila mwaka anapeleka taarifa amepanda nini ekari ngapi. Miaka yote, corona iwepo isiwepo. Corona ilipokuja ofisi zilikuwa hazipokei wageni, mkulima akajaza fomu kwa simu na barua pepe, anaandika mwenyewe nilikuwa na ng'ombe kadhaa na magunia kadhaa, anasaini, anaambiwa tunza karatasi zako tukija kukagua utuonyeshe. Hela ikaenda kwenye akaunti ambayo wanayo tayari. Awamu ya pili kwa mboga na matunda wakapiga hesabu kwa mauzo ya 2019, aliyeuza chini ya dola 50,000 alipata asilimia 10.6 ya mauzo yake.

Mkuu, wewe mauzo yako ya 2019 ungeyaonyesha kwa karatasi gani?

mjukuu_wa_Tukuyu

Swali la mwisho limepiga penyewe 😂😂 mi mauzo yangu yaliandikwa nyuma ya boksi la sigara la dalali na boksi aliondoka nalo

IsyonjeKwetu

Mzee hapo umenibana. Ila risiti zipo bwana, ushuru tunakatwa kila gari, pale kizuizini kijana ana mashine anatoa risiti. Halmashauri wanajua kabisa viazi vingapi vimetoka Isyonje.

BwanaShamba_Mstaafu

Hiyo risiti iangalie vizuri siku nyingine gari lako likipita. Ina jina la nani? La mwenye mzigo, yaani mfanyabiashara, au jina la dereva. Wewe uliyelima haupo. Halmashauri inajua zimetoka gunia mia na themanini, haijui themanini ni za nani na mia ni za nani, na haina sababu ya kujua maana ushuru wake imeshapata. Nilikaa kazini miaka mingi, takwimu za mazao ya chakula tulikuwa tunakadiria, unapita shambani unatazama unaandika. Kwa kupanga chakula cha mkoa inatosha. Kwa kumlipa mtu haitoshi.

Kamwene_Mufindi

Kamwene wote. Mzee umeeleza vizuri lakini naona kama mnawapamba sana hao wamarekani. Niongeze upande wa pili.

Malipo yale yalifuata wingi, mwenye ng'ombe elfu analipwa za elfu, mwenye kumi analipwa za kumi. Waliweka kikomo ndiyo, dola 250,000 kwa mtu, lakini piga kwa hela ya kipindi kile ni zaidi ya milioni 570 za kwetu, kikomo gani hicho?? Na mkijiita kampuni na mko wanahisa watatu mnaofanya kazi shambani, kila mmoja masaa 400, mnafika dola 750,000. Mkulima mdogo wa mboga anayeuza kwenye gulio la jumamosi, ambaye hajawahi kuingia ofisi ya FSA maishani, wengi mpaka wanakuja kushtuka ndo wanaanza kuuliza fomu inapatikana wapi. Na mazao nayo yalichaguliwa. Awamu ya kwanza ilibidi bei iwe imeshuka asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili, usipofika hapo huna chako. Ngano kuna aina zilipata na aina zilikosa, majirani wawili wote wanalima ngano mmoja analipwa mwingine anatazama. Tumbaku awamu ya kwanza haikuingizwa kabisa, ndugu zetu wa Chunya wangekuwa kule wangesubiri ya pili.

Kwa hiyo tukisema tuige tuseme tunaiga nini. Maana huku Mufindi ukiwalipa watu kwa ekari najua kabisa nani atachukua nusu ya hela ya tarafa nzima, na hata hiyo corona yenyewe haikumgusa.

IsyonjeKwetu

Hata hivyo wa ng'ombe kumi alipata za kumi. Mimi nilipata za ngapi?

Kamwene_Mufindi

Hapo sina jibu ndugu yangu 😅

MamaKokoa_Kyela

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi nachangia kidogo kwa upande wetu wa Kyela.

Mnaongea kama wakulima wote wa nyanda za juu kusini hatujulikani, siyo kweli. Sisi wa kokoa tunauza kwa stakabadhi ghalani, unapeleka kokoa yako AMCOS, yaani chama cha ushirika, inapimwa mbele yako, unaandikwa jina, kilo, unapewa karatasi, mnada ukifanyika hela inakuja benki. Hapo mwanzoni tulinung'unika sana na mimi nilinung'unika, tulizoea mnunuzi anakuja nyumbani anatoa keshi hapohapo hata ikiwa mbichi, ghafla unaambiwa subiri mnada na ada ya mtoto inasubiri na wewe. Lakini leo ukiniuliza nimeuza kilo ngapi msimu fulani najua na AMCOS wanajua na benki wanajua. Wa kahawa Mbozi nao hivyohivyo wanapitia vyama vyao. Serikali ingetaka kumlipa mtu wa kokoa 2020 ilikuwa kazi ya wiki mbili tatu tu, orodha iko pale.

Tatizo ni nyie wa viazi na mahindi, na mkiambiwa habari ya ushirika mnakimbia.

mjukuu_wa_Tukuyu

Mama shikamoo. Tunakimbia kwa sababu viongozi wa ushirika nao wanakimbia na hela 😂

Afu viazi havisubiri mnada mama. Kokoa ikikaushwa inakaa, kiazi kinaota.

MamaKokoa_Kyela

Marahaba mwanangu. Sikukwambia uweke mnada, nimesema uandikwe. Unaweza kuuza leoleo na ukaandikwa leoleo, siyo vitu viwili vinavyogombana.

Mtu_wa_Mikopo

Nadokeza tu kwa upande wa mabenki. Siyo kwamba hakukuwa na kitu kabisa. Mei 2020 Benki Kuu (BoT) ilishusha riba inayokopesha mabenki kutoka asilimia 7 kwenda 5, wakatuambia tuwapangie upya marejesho wateja walioathirika. 2021 wakatenga trilioni 1 kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na kweli baadhi ya mabenki yakashuka mpaka 9 kutoka kwenye 20 na kitu huko. Ila nakubali, aliyepangiwa upya marejesho ni yule aliyekuwa na mkopo, na aliyekuwa na mkopo ni yule mwenye hati. Mkulima wa kawaida wa Umalila hilo punguzo alilisikia redioni.

BwanaShamba_Mstaafu

Na hiyo hela ya madarasa iwekwe sawa maana watu wengi wanasema kana kwamba ililiwa. Ule ulikuwa mkopo wa IMF, Septemba 2021, dola milioni 567, kama shilingi trilioni 1.3. Ukaitwa mpango wa maendeleo kwa ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, ukaenda kwenye madarasa 15,000, hospitali, maji na mengine. Mimi binafsi naona ilikuwa sahihi, darasa linaonekana, kila mtu anaweza kwenda kulihesabu, tofauti na hela ya kugawa mkononi kwa orodha ambayo haipo. Wakenya Mei 2020 walijaribu njia ya katikati, kwenye kifurushi chao cha kuinua uchumi wakatenga shilingi zao bilioni 3 za vocha ya pembejeo ya kwenye simu kwa wakulima wadogo 200,000. Vocha, siyo keshi. Na sisi vocha tulizijua zamani, wa umri wangu mnakumbuka zile za kuanzia 2008, za mbolea na mbegu ya mahindi na mpunga.

mjukuu_wa_Tukuyu

Zile vocha mzee? Zile ambazo mkulima anasaini, wakala anachukua vocha, mkulima anapewa elfu kumi ya soda na mbolea haonekani nayo mtu? Nazikumbuka sana, kijijini kwetu mpaka marehemu walilima mwaka ule.

BwanaShamba_Mstaafu

Hizohizo. Sitazitetea. Orodha ilikuwa inatengenezwa na kamati ya kijiji, na kamati ya kijiji ni binamu na mashemeji.

Kamwene_Mufindi

Na korosho msisahau. Novemba 2018 serikali ya Magufuli ilisema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, mkulima analipwa kwenye akaunti. Nia ilikuwa nzuri. Ila ikabidi kwanza wahakiki nani ana shamba kweli na nani ni kangomba aliyenunua kwa wenzake, uhakiki ukavuta, kuna watu wa kusini walisubiri hela mpaka msimu mwingine unanukia. Na hao ni wa korosho wenye AMCOS na stakabadhi, mama wa Kyela asikie hapo. Kwa hiyo hizo wiki mbili tatu zako mama, mmh.

MamaKokoa_Kyela

Haya, tuseme miezi mitatu basi 😄 Bado ni bora kuliko kamwe.

IsyonjeKwetu

Nawasoma wote na nashukuru, ndaga fijo. Kuna kitu nawaza hapa. Hii ruzuku ya mbolea iliyoanza 2022, ile Rais Samia aliyoizindua hapahapa Mbeya kwenye Nane Nane, si tuliandikishwa? Mtendaji alipita na daftari, jina, namba ya NIDA, simu, ekari, unalima nini. Baadaye ukapata meseji yenye namba, ndo unaenda nayo kwa wakala. DAP na urea ikashuka mpaka elfu 70 mfuko wakati ilikuwa inakimbilia laki na ishirini na zaidi. Hilo daftari si ndo hiyo orodha mnayosema hatuna?

BwanaShamba_Mstaafu

Sasa ndo umefika. Ndiyo, ndo mara ya kwanza huku kwetu mkulima wa mahindi na viazi ana namba inayojulikana mpaka Dodoma, na mfuko wenyewe una alama ambayo wakala anaiskani kwenye simu kabla hajakupa, kwa hiyo inaonekana nani kachukua mifuko mingapi wapi. Ukichukulia wapi tulianzia hiyo ni hatua kubwa. Tatizo ni kilichoandikwa ndani. Mwaka ule wa kwanza watu waliandika ekari walivyosikia tu, mwenye mbili kaandika kumi ili apate mifuko mingi ya kuuza, mwenye kumi kaandika mbili akiogopa kodi. Kama kesho ingetokea corona nyingine na ukaambiwa ulipwe kwa hilo daftari, ungelipwa kwa alichokisema mtu siku ile ana haraka ya mbolea.

mjukuu_wa_Tukuyu

Mwaka ule wa kwanza nilisimama foleni ya hiyo mbolea tangu alfajiri, wakala mmoja kata nne nzima, mtandao unakatika kila saa, kijana kashika simu juu anatafuta network watu wanamwangalia kama anaita mvua. Mbele yangu bibi mmoja meseji yake imefutika, wajukuu walikuwa wanachezea simu, karudishwa nyumbani bila mfuko na amelipa bodaboda kwenda na kurudi. Bei nzuri ndiyo. Ila nikasema hii nchi ikiamua kutulipa hela kwa njia hii tutapigana.

Kamwene_Mufindi

Ndo maana wengine tulikuwa tunamwachia mtu mmoja namba za ukoo mzima aende mjini siku moja abebe kwa canter. Ambayo nayo kimfumo inaonekana wakala wa mjini kauza kwa watu ishirini na wote wana simu ileile, sijui makao makuu walikuwa wanaelewaje.

BwanaShamba_Mstaafu

Walikuwa wanaelewa kwamba ni wizi, na nyie mnaonekana wezi na hamjaiba 😂

IsyonjeKwetu

Sasa wakuu kuna shida yangu binafsi hapohapo. Mi kwenye daftari nimeandikwa mahindi ekari mbili tu. Viazi ekari tatu hazipo, mtendaji alisema andika zao moja la chakula inatosha foleni ni ndefu. Na moja ya hizo tatu ni ya kukodi, mwenye shamba yuko Dar. Naweza kurekebisha, na hiyo ya kukodi inaandikwa kwangu au kwa mwenye ardhi?

BwanaShamba_Mstaafu

Taarifa huwa zinahuishwa kabla ya msimu, nenda ofisi ya kijiji na NIDA na laini ileile uliyojiandikisha nayo, usiende na laini mpya utaanza upya. Ya kukodi andika wewe unayelima, mbolea ni ya anayelima. Ila nenda na karatasi ya makubaliano hata ya mkono yenye sahihi ya mwenye shamba na balozi wake, maana huyo wa Dar akisikia kuna ruzuku anaweza kujiandikisha naye.

IsyonjeKwetu

Karatasi hatukuandikiana, tuliongea tu kwa simu na kila msimu namtumia kwa M-Pesa.

MamaKokoa_Kyela

Baba chapisha hizo meseji za M-Pesa leo, kabla wajukuu hawajashika simu.